Mayai ya Mviringo

Kwa Bi Zubaida hapakuwa na jogoo, na kila mtu wa Olumbi alikuwa na neno la kusema juu ya jambo hilo. Waliopita kwenda machamba walichungulia juu ya ua wake wa makuti, wakawaona kuku majike watupu wakichakura chini ya mkorosho, wakauliza kwa sauti ya kusikika kama hapo ndipo nyumbani kwa wajane. Vijana walimwita diretora, mkuu wa shule ya wasichana. Yeye aliwajibu wote, maana hakuwa mtu wa kumwachia mwenzake neno la mwisho, lakini jibu lenyewe halikuwa la kweli. "Majogoo wanakula bila kutaga," alikuwa akisema. "Kwangu mimi anayekula hutaga." Mumewe Muhamudo, fundi wa vitanda vya kamba, aliyekula vizuri na hakuwahi kutaga hata siku moja, aliinamisha kichwa juu ya randa lake akaendelea kuranda.

Shida ilikuwa Kiziwi. Huyu alikuwa kuku wa rangi ya majivu, mfupi, mpana wa nyuma, mzee kuliko kuku wengine wote uani, na jina lake alilipata kwa haki. Akishalalia mayai hasikii la mtu. Piga ngoma, mwaga maji, angusha sufuria pembeni yake, hageuzi shingo. Kila msimu, mayai yakishatosha, alijikunja katika kona ya jiko juu ya makumbi ya nazi na kuatamia mayai ambayo Bi Zubaida, Muhamudo na Mwenyezi Mungu walijua kwamba ni viza, kwani yangepata wapi uhai na jogoo hayupo.

Miaka ya nyuma Bi Zubaida alimtibu kwa dawa anazozijua kila mfuga kuku. Alimchovya kifua kwenye beseni la maji baridi, akamfunga mguu kwa utepe wa kitambaa cha kapulana kwenye mkorosho, akamfunika kwa tenga mahali penye upepo, na baada ya siku chache homa ya kuatamia ilimtoka, akarudi kuchakura na wenzake. Mwaka huu dawa ziligoma. Alipochovywa alirudi kwenye makumbi yake akiwa amelowa. Alipofungwa alikalia fundo la utepe. Aliponyang'anywa mayai alilalia gunzi la muhindi, na alipoondolewa gunzi alikwenda akakalia kibao ambacho Muhamudo alikuwa amekichonga kwa ajili ya mguu wa kitanda cha watu. Muhamudo aliponyoosha mkono kukichukua alidonolewa mpaka akatoka damu.

"Mwache," alisema Bi Zubaida. "Akichoka atatoka mwenyewe."

Hakuchoka. Mara moja kwa siku alitoka, akanywa maji kidogo, akameza punje chache za mpunga, akakimbilia kibao chake kama vile kuna mwizi. Upanga wake wa kichwani uliokuwa mwekundu ulipauka ukawa kama ganda la kitunguu. Kuku mwenye mayai mazima ana mwisho wa kazi yake: siku zikitimia watoto hulia ndani ya ganda, naye huinuka. Kuku aliyelalia kibao hana siku ya kuinuka. Kwa mwendo ule Kiziwi angefia pale pale, na Bi Zubaida alilijua hilo vizuri, ndiyo maana siku zile alikuwa mkali kwa kila kitu, hata kwa chumvi.

Kuku mwingine angekufa, angesikitika mpaka jioni, basi. Huyu walikuwa wametoka mbali pamoja.

Mwaka ule wa kukimbia, milio ya bunduki ilipokaribia, watu walichukua walichoweza. Muhamudo alichukua msumeno na randa. Binti yao Alima, aliyekuwa na mimba kubwa, alichukua mimba yake, ikatosha. Bi Zubaida alichukua vitu viwili ambavyo mtu mwenye akili zake asingevigusa. Alimchukua Kiziwi pamoja na mayai aliyokuwa akiyalalia, ndani ya tenga, akambeba kichwani. Na alimchukua jogoo wake, Shefe, mwekundu, mrefu, mkia wa kijani, ambaye karibu kila nyumba ya Olumbi ilikuwa na mtoto wake. Hakuweza kumwacha. Alimfunga miguu akamkumbatia kifuani, wakaingia porini na familia nyingine chache, nyuma ya jirani yao Amade aliyezijua njia.

Alfajiri ya pili Shefe aliwika. Aliwika kama alivyowika siku zote, kwa kifua chote, na pori lote likasikia. Watu waliolala chini walifumbua macho bila kuinua vichwa. Amade alitambaa mpaka alipokuwa Bi Zubaida. Hakumgombeza. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekukumbusha kwamba una sufuria motoni: "Dada Zubaida, jogoo wako anawaambia tupo."

Shefe alikuwa anavuta pumzi ya kuwika tena. Bi Zubaida alimkamata shingo kwa mikono miwili akaisokota. Hapakuwa na muda wa kisu, wala wa kuelekea kibla, wala wa bismillahi. Ilipokwisha ndipo alipokumbuka kwamba alichoshika sasa ni kibudu, haramu kuliwa, na watoto wa watu walikuwa wamelala na njaa tangu juzi. Nyama yote ile ilifukiwa chini ya majani. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma kuliko lawama. Pembeni, ndani ya tenga, Kiziwi alikuwa kimya, kwa kuwa kuku anayeatamia hatetei. Hakutoa sauti siku ile wala siku zilizofuata, mpaka wakafika Namoto. Mayai yake yalikuwa yamekufa zamani kwa kutikiswa njiani, lakini aliyalalia vivyo hivyo, mpaka Bi Zubaida alipoyatoa moja moja chini yake huku akimwomba radhi.

Chamima, mtoto wa Alima, alizaliwa huko huko Namoto. Amade alifariki huko kwa homa. Wengine walirudi Olumbi watu wengi waliporudi, na Bi Zubaida alichagua kiwanja cha mwisho kabisa, pale nyumba zinapoishia na mihogo inapoanza. Majogoo ya mbali hayakumsumbua. Jogoo wa mbali anataja nyumba za watu wengine. Jogoo wa uani mwako anakutaja wewe. Kwa hiyo alifuga majike, akala mayai yao, akauza mengine, na vifaranga akaviepuka, maana nani amewahi kuangua vifaranga bila kupata majogoo ndani yake? Hayo hakumweleza mtu. Muhamudo aliyajua kwa sababu alikuwepo.

Asubuhi moja Natália alikuja kurudisha kinu. Natália alikuwa Mmakonde wa Mueda, mkatoliki, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke wa mikono mikubwa na cheko kubwa, na kuku wake walikuwa wengi hata mwenyewe aliwasahau. Aliweka kinu chini, akachungulia jikoni, akamwinua Kiziwi bila kuomba ruhusa. Kibao kilibaki kwenye makumbi.

"Ai, meu Deus," alisema. "Dada, kuku gani huyu, ana uzito wa kapulana? Anajimaliza."

"Ukaidi wake utamponza mwenyewe."

"Si ukaidi. Anataka watoto. Kwangu mayai yapo, na jogoo yupo, nitakupa."

"Sitaki vifaranga."

Natália alimtazama. "Yupo mtu duniani asiyetaka vifaranga?"

"Vifaranga nnavitaka!" Bi Zubaida alisema kwa ukali uliowashangaza wote wawili. "Majogoo ndiyo siyataki. Wewe vizinha, jirani yangu, nihakikishie kwamba watatoka majike watupu, nami nnakwambia nitakuja kuyachukua hayo mayai saa hii hii."

Natália alicheka mpaka akashika mchi asianguke. Hapo Muhamudo, ambaye tangu juzi alikuwa akisubiri kibao chake, aliinua kichwa.

"Mama yangu marehemu alikuwa akisema yai la mviringo hutoa jike," alisema. "Lililochongoka ndilo hutoa jogoo."

Bi Zubaida alikuwa amelisikia neno hilo tangu utotoni, kama kila mtu wa pwani ile, na hakuwahi kulijali. Sasa alimgeukia mumewe kama mtu aliyeletewa habari ya mgonjwa kupona. Haja ikikubana, hata maneno ya mkwe wako yanakuwa na maana.

Mchana ule ule alikwenda kwa Natália, kikapu mkononi. Alikaa chini mbele ya bakuli la mayai akayachagua kama anayechagua mchele wa harusi. Kila yai alilizungusha kati ya vidole, akaliinua juani, akalilaza kwenye kiganja aone linabingirikia wapi. Lililochongoka hata kidogo lilirudi bakulini na matusi yake. "Huyu nshamwona na ndevu zake," alisema. "Na huyu. Na huyu tena anawika, kama hamumsikii." Natália aliketi kwenye kigoda akichambua kunde, akimwachia afanye apendavyo.

Ndipo jogoo wa Natália, jitu jeupe lenye miguu ya manjano, alipopanda juu ya ukuta uliobomoka akawika. Bi Zubaida alishtuka, yai likamponyoka, bahati likaangukia kapulana yake mapajani.

Natália aliona, na safari hii hakucheka.

"Humpendi," alisema.

"Ana kelele."

"Ana kelele, kweli. Mimi nampendea hizo hizo." Natália aliendelea kuchambua kunde bila kuinua macho. "Siku niliporudi, dada, nilikuwa peke yangu barabarani na mzigo wangu kichwani. Nilifika hapo penye daraja nikasimama. Nyumba naziona, watu siwaoni. Nikasema, na kama waliomo humo ndani ni wale wa bunduki? Nikajificha kwenye majani mpaka jua likapanda. Halafu jogoo akawika huko nyuma, kwa mzee Dauto. Nikajua pana watu. Wale hawafugi kuku, dada. Wale wanakula wa watu. Nikabeba mzigo wangu nikaingia."

Bi Zubaida aliendelea kuchagua mayai yake, ila matusi yalikuwa yamemwishia.

Kiziwi aliyapokea mayai jioni ile. Kibao kilivutwa upande huu, mayai yakaingizwa upande ule, na kwa muda kuku yule alikaa ameduwaa, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukikatia tamaa. Kisha akaanza kuyasogeza kwa mdomo, moja baada ya jingine, akalitia kila moja chini ya manyoya ya kifua, akajitikisa, akatulia. Macho yake yalifumba nusu. Bi Zubaida, aliyekuwa amechuchumaa pale na taa, alijikuta anatabasamu peke yake gizani. Muhamudo alichukua kibao chake akaenda kumalizia kitanda cha watu.

Siku zilipotimia, Chamima ndiye aliyesikia kwanza. Alikuwa amelaza sikio karibu na mbawa za kuku, jambo alilokatazwa, akapiga kelele kwamba mayai yanaongea. Na kweli yalikuwa yanaongea, na Kiziwi alikuwa anayajibu. Yule kuku ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiwa juu ya mayai alikuwa anatoa sauti ndogo ya chini, kwo, kwo, na ndani ya maganda wakamwitikia. Kesho yake alitoka jikoni na vifaranga nyuma yake, wa manjano, wa kahawia, wa madoadoa, na Bi Zubaida alimwaga chicha la nazi uani kwa mkono wa mtu mwenye sherehe.

Kuanzia hapo kazi za nyumbani kwa Bi Zubaida zilichelewa. Alitandika mkeka chini ya mkorosho, akakaa na Chamima, wakatazama. Walimwona Kiziwi akichakura, akirudi nyuma hatua moja, akiokota mchwa na kumwangusha tena ili watoto wamwone. Walimwona akioga mchanga na vifaranga wakimpanda mgongoni. Upanga wake ulirudia wekundu, na kifua kikajaa. Alikuwa anakula sasa, ila wa mwisho, wakishashiba wengine. Bi Zubaida alimpenda kuku yule kwa mapenzi ambayo asingethubutu kuyataja mbele ya Muhamudo, maana angechekwa mwaka mzima.

Siku moja kivuli kilipita juu ya ua. Kabla Bi Zubaida hajainua macho, Kiziwi alitoa sauti nyingine, ndefu, ya kooni, na uani hapakuwa na kifaranga tena. Mmoja aliingia chini ya jani la mhogo, mwingine chini ya ukingo wa mkeka, wengine walijibana kwenye mizizi ya mkorosho, na wote walinyamaza, hata yule mwenye madoadoa ambaye hulia kutwa. Mwewe alizunguka, akazunguka tena. Chamima alishika mkono wa bibi yake. Bi Zubaida mwenyewe alikuwa amezuia pumzi, magoti ameyakunja, kichwa amekiinamisha, na alichelewa kujua kwamba amejificha na yeye.

Mwewe alikwenda zake upande wa machamba. Vifaranga hawakutoka. Kiziwi alisimama katikati ya uwanja, akalaza kichwa, akaitazama mbingu kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Halafu akasema kwo, kwo, kwo, na ua ukajaa watoto.

"Wanajuaje kama mwewe ameondoka?" aliuliza Chamima.

"Mama yao anawaambia."

"Na asipowaambia?"

"Watabaki hapo hapo walipo."

Alilisema kama jambo la kawaida la kuku, kisha likamrudia mwenyewe, na machozi yakamjia pasipo kuitwa. Yeye aliambiwa ajifiche. Amade alimwambia, na alifanya vyema kumwambia. Lakini Amade alikufa Namoto, na tangu hapo hakuna aliyewahi kuwaambia watoke. Walirudi, wakajenga, wakapanda mihogo, Alima akapata kazi ya kupika mjini Palma na kuja nyumbani mwisho wa wiki, watu wakaoana na wakasutana kama zamani, na muda wote huo Zubaida binti Sadique alikuwa bado chini ya jani. Na nani angemwambia kwamba kumekuwa salama? Mwewe hawajaisha. Kila baada ya muda ilisikika habari ya kijiji fulani, njia fulani. Ila Kiziwi naye hakungoja mwewe waishe duniani. Alingoja yule mmoja apite, akawaita watoto wake waje kula.

"Bibi, unalia?"

"Jua hilo," alisema Bi Zubaida, naye amekaa kivulini.

Vifaranga wakakua, wakapoteza uzuri, wakawa wale kuku wembamba wenye miguu mirefu ambao hawapendwi na mtu. Siku moja Chamima alinyoosha kidole. "Bibi, huyu mweupe anaota upanga."

"Huyo ni jike lenye kiburi."

Baada ya muda kidogo jike lenye kiburi lilianza kupigana na ndugu yake wa kahawia, vifua mbele, manyoya ya shingo yamesimama. Muhamudo aliacha randa lake aje kutazama. "Mama Alima," alisema, "naona majike yako yameota mikia ya kupinda."

"Mama yako, Mungu amrehemu, amenidanganya toka kaburini," alisema Bi Zubaida, akawakamata wote wawili kabla hawajajifunza kufungua koo, akawapeleka kwa Natália. Natália aliwapokea, midomo ikimcheza. Waliobaki, Bi Zubaida aliwakagua kila asubuhi mmoja mmoja, akaapa kwamba sasa ni majike watupu. Aliyemwamini zaidi alikuwa yule wa madoadoa. Huyu upanga wake ulikuwa mdogo, mwendo wake wa aibu, na hata Kiziwi alipowafukuza watoto wake kwa mdomo, kama kuku wote wafanyavyo wakimaliza kulea, yeye alizidi kujibanza ubavuni mwa mama yake. Chamima alimpa jina la Binti. Bi Zubaida alilikubali jina hilo mara moja.

Binti aliwika alfajiri moja kabla ya adhana.

Hakuwika vizuri. Sauti ilitoka nusu, ikapasuka, ikamalizika kama mlango wenye bawaba kavu. Lakini ilitoka uani, hatua chache kutoka kitandani, na mwili wa Bi Zubaida uliamka kabla yake. Alipojitambua alikuwa amepiga magoti ndani ya banda la kuku, giza bado halijaisha, majike wanahangaika kwenye fito, na mikono yake miwili imezunguka shingo yenye joto.

Mwanga wa simu ulimfikia kwa nyuma. Muhamudo alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, kikoi hakijafungwa vizuri.

"Mama Alima," alisema taratibu.

"Kalete kisu."

Hakuondoka.

"Nimesema kalete kisu, Baba Alima."

"Nitakileta. Ila legeza kwanza mkono." Sauti ya Muhamudo ilikuwa ile ile ya kila siku, ya mtu anayeuliza chai iko wapi. "Ukiendelea hivo atakuwa kibudu. Na safari hii mie nnataka mchuzi."

Kitu kilimtoka Bi Zubaida kifuani ambacho kilianza kama kicheko. Alicheka, kweli, kwa sauti, na kile kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, akamlilia Shefe na nyama yake iliyofukiwa, akamlilia Amade, akalia kwa ajili ya watoto waliolala na njaa na kwa ajili ya mikono yake mwenyewe. Muhamudo aliingia bandani, akachuchumaa pembeni yake kwenye kinyesi cha kuku, akakaa. Miaka yote hiyo hawakuwa wamelitaja jambo lile hata mara moja. Chini ya vidole vya Bi Zubaida moyo wa Binti ulikuwa unakwenda mbio.

"Bibi?" Chamima alikuwa mlangoni, anasugua macho. Alikuwa hajawahi kusikia jogoo akiwika nyumbani kwao. "Nani alikuwa anaita?"

"Binti," alisema babu yake.

"Anamwita nani?"

Bi Zubaida alikuwa amenyanyua uso na anasikiliza. Alisikiliza kama alivyosikiliza kule porini, kwa ngozi yote, akingoja vishindo vya miguu. Ng'ambo ya barabara jogoo jeupe la Natália lilijibu. Wale wawili wa kiburi wakafuatia kwa sauti zao mbichi. Mwingine akaitikia kutoka upande wa soko, na mwingine mbele yake, nyumba hadi nyumba. Kisha adhana. Kisha mtu akakohoa, ndoo ikagonga ukingo wa kisima, na mwanamke fulani akaanza kutwanga. Hao ndio walioitikia. Hakuna mwingine aliyekuja.

Bi Zubaida alifungua mikono.

Binti alianguka, akajikung'uta, akapepesuka hadi kwa Kiziwi, akajilaza chini ubavuni mwake, bapa, kama kifaranga aliyeona kivuli. Jogoo jeupe liliita tena. Binti alianza kunyoosha shingo, akamwona Bi Zubaida, akairudisha.

"Amenyamaza," alisema Chamima.

"Anaogopa," alisema Muhamudo.

Bi Zubaida alijua anamwogopa nani. Alipapasa sakafuni akapata punje chache za mpunga, akazitupa mbele ya magoti yake, akajaribu kwa ulimi wake sauti ile ya Kiziwi, kwo, kwo, kwo, vibaya sana, mpaka Kiziwi mwenyewe akageuza kichwa kumshangaa. Binti aliinuka. Alikuja hatua moja, akasimama, akaja ya pili. Alidonoa punje moja, akamtazama kwa jicho lake la pembeni, akingoja.

"Haya, baba," Bi Zubaida alimwambia. "Waambie tupo."